Kuungama Dhambi na Haki ya Jirani

Katika siku za mwisho za Kwaresima, padre anapofika katika kigango cha milimani huko Umatengo, hukuta watu wamekwisha kumtangulia. Wengine wameshuka mteremko mmoja na kupanda wa pili tangu alfajiri, maana nchi ya Mbinga ni nchi ya migongo na mabonde, na kanisa huonekana karibu kwa macho lakini liko mbali kwa miguu. Padre huvaa stola ya zambarau shingoni, akaketi pembeni mwa kanisa, au nje kivulini kama kanisa ni dogo, na watu hujipanga mbali kidogo naye, umbali ambao jicho laona lakini sikio halisikii. Mmoja mmoja husogea, akapiga magoti, akanong'ona. Kikongwe aweza kukaa dakika mbili. Kijana aweza kukaa robo saa. Kisha huondoka, na uso wake hausemi neno. Jirani aliye nyuma yake katika safu hajui, wala hataweza kujua, kama lililosemwa pale lilimhusu yeye.

Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Watu wengi wakizungumza habari za kitubio huuliza swali jingine, jepesi kidogo: kwa nini mtu amwambie mwanadamu mwenziwe dhambi ambazo Mungu amekwisha kuzijua? Huliuliza Wakristo wa madhehebu mengine, huliuliza Waislamu, na Wakatoliki wenyewe hulinong'ona, hasa vijana waliosoma. Lakini nyuma yake liko swali la pili lililo gumu zaidi, nalo si la wageni bali ni la wenyeji wa kanisa. Ikiwa mtu amemwibia jirani yake, au amemharibia jina, kwa haki gani mtu wa tatu, ambaye hakuibiwa wala hakusingiziwa, amwambie mkosaji aende zake kwa amani? Aliyeumizwa yuko nyumbani kwake, hana habari. Je, mkosaji amesamehewa kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa?

Lianze lile jepesi. Mwenye kuungama hampelekei Mungu habari ambazo hakuwa nazo. Anayehitaji kusikia ni msemaji mwenyewe. Mwanadamu akiwa peke yake ni wakili hodari wa nafsi yake, na lugha humsaidia. Mtoto aliyevunja chungu cha mama yake akiulizwa hujibu, "Chungu kimevunjika." Hakusema uongo, chungu kimevunjika kweli. Upungufu wa maneno yake ni kwamba ndani yake hamna mtu. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya namna hii: fedha zimepotea, maneno yamefika mbali, ugomvi umetokea, mimba imeingia. Na mtu mzima anapobanwa hata asiweze kujificha ndani ya kitenzi, hukimbilia kwa Ibilisi na kusema, "Shetani alinipitia," kana kwamba yeye alikuwa njia tu na mwenye safari alikuwa mwingine. Mtu aweza kuijaza sala yake ya usiku maneno kama haya toka mwanzo hata mwisho, kisha akalala usingizi mzuri.

Lakini apigaye magoti mbele ya mtu mwingine hana budi kuanza na silabi moja ndogo: nimeiba, nimesema uongo, nimempiga, nimelala na mke wa mtu. Silabi hiyo ya *ni* ndiyo mzigo wote wa maungamo. Kanisa huagiza dhambi kubwa zitajwe moja moja, kwa aina yake na kwa idadi yake kadiri mtu akumbukavyo, na wengi huliona agizo hilo kuwa la kikarani. Hasha, si la kikarani. Asemaye "mimi ni mwenye dhambi" amesema neno ambalo kila mtu hulisema, na ambalo halimgharimu kitu. Asemaye "nilisogeza mpaka wa shamba la mjane, mara mbili" amejitaja.

Lugha yenyewe hutenga mambo ambayo watu huyachanganya. Kukiri ni neno la barazani na mahakamani: mtu hukiri deni, hukiri kosa mbele ya hakimu, na aghalabu hukiri kwa kuwa ushahidi umemzidi. Kuungama ni kulitoa lile ambalo hakuna aliyeliuliza. Na kutubu, ambalo ndilo shina la neno kitubio, lilikuja kutoka katika Kiarabu, na Mwislamu hulitumia kwa maana ya kumrejea Mungu wake. Wanachuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba toba haihitaji mtu wa kati. Walakini hufundisha vilevile kwamba kosa likiwa limegusa haki ya kiumbe, toba haikamiliki mpaka haki hiyo irudishwe, au mwenyewe asamehe. Hili si la kupita nalo upesi. Wakatoliki na Waislamu wametofautiana sana juu ya sikio la padre; juu ya haki ya jirani hawakutofautiana.

Kabla padre yeyote hajafika Umatengo, watu wa huko walikuwa na mahali pao pa kusemea makosa. Jamaa za ukoo mmoja walikaa katika *ntambo*, yaani mgongo mmoja wa mlima ulio kati ya vijito, wakalima ngolo zao, yale mashamba ya vishimo ambayo huzuia maji yasichukue udongo wa mteremko. Na jamaa hao walikuwa na *sengu*. Walikutana chini ya mzee wao, wakala pamoja, na katika kula huko mambo ya ukoo yalizungumzwa: kazi, ndoa, ugomvi, tabia za vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani, waliokuja Mbinga kwa habari za kilimo, walijikuta wakiandika juu ya sengu pia, maana hawakuweza kueleza jinsi mashamba yalivyotunzwa bila kueleza jinsi watu walivyotunzana. Jambo la kutazama ni kwamba mkosaji katika sengu hakuitwa mahali pa kutisha. Aliitwa penye chakula. Alionywa mbele ya wale ambao mikono yao hukutana na wake katika chombo kimoja, na aliyeumizwa aliketi papo hapo, akisikia.

Hiyo ndiyo nguvu ya sengu ambayo kiti cha maungamo hakina. Udhaifu wake ni kwamba huweza kuponya yale tu yaliyokwisha kujulikana, au yale ambayo aibu yake yavumilika mbele ya shemeji na wajomba. Dhambi ya siri haiji penye chakula. Na tena, katika mabaraza mengi ya ukoo wako watu ambao husemewa na wengine: mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, kijana, mgeni aliyepewa mahali pa kukaa. Mke apigaye magoti kwa padre hujisemea mwenyewe, na mumewe hana ruhusa ya kuuliza alisema nini. Wako wanaume ambao hawajalizoea jambo hilo mpaka leo.

Ni ajabu kwamba Kanisa lenyewe lilianza kwa desturi iliyo karibu na sengu kuliko na safu ya kunong'ona. Katika karne za kwanza mtu aliyeanguka katika dhambi nzito, kama kuikana imani, kuua au kuzini, aliingia katika kundi la watubuo, akajulikana hivyo na kusanyiko zima, akafunga na kuomba kwa muda mrefu, mpaka askofu alipompokea tena. Alipata nafasi hiyo mara moja tu maishani. Ukali huo ulizaa hila: watu waliahirisha toba mpaka kitandani pa kufa, kama mdaiwa angojaye mwenye duka afunge. Ndipo watawa wa Ireland, kuanzia karne ya 6, walipoeneza njia nyingine, ya mtu mmoja na padre mmoja, kwa siri, na kwa mara nyingi kadiri mtu aangukavyo. Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 ukaagiza kila mwamini mwenye umri wa kutambua aungame walau mara moja kwa mwaka, na Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ukaithibitisha desturi hiyo kwa mafundisho marefu. Huruma iliongezeka, maana mlango uliokuwa ukifunguliwa mara moja ukawa wazi siku zote. Lakini kitu kilipotea. Uso wa jirani uliondoka katika chumba.

Waliowaletea watu wa Ruvuma desturi hii walikuwa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia. Walifungua misheni Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Litembo, katikati ya Umatengo, mwaka 1914; na jimbo la Mbinga lililozaliwa mwaka 1986 ni mtoto wa kazi hiyo. Upande wa ziwani walikuwako pia Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu, waliokuwa na makao yao katika kisiwa cha Likoma na kituo Liuli, ambako Padre William Percival Johnson alifariki mwaka 1928. Mapokeo ya misheni hiyo yalielekea Ukatoliki, wala hayakuacha kuungama mbele ya padre. Kwa hiyo kando ya Nyasa si kila apigaye magoti ni Mkatoliki.

Wabenediktini hao walichukua mkobani mwao kitabu kilicho cha zamani kuliko Mtaguso wa Trento kwa miaka elfu moja, nayo ni Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Sura yake ya 46 inafaa kusomwa na kila mwenye shaka juu ya jambo hili. Mtawa anayefanya kosa kazini, jikoni au ghalani au bustanini, akavunja chombo au kupoteza kitu, yampasa aje mara moja mbele ya abate na ndugu wote, aseme mwenyewe kwamba amefanya, na alipe. Akinyamaza na kosa likajulikana kwa kinywa cha mtu mwingine, adhabu yake huwa kubwa zaidi. Lakini kama kosa ni la moyoni, lililofichika, basi na alifunue kwa abate tu, au kwa wazee wa roho wajuao kuponya majeraha yao wenyewe na ya wengine pasipo kuyatangaza. Tazama jinsi mtu huyu wa karne ya 6 alivyoyatenga mambo mawili. Chungu kilichovunjika ni cha wote. Kisemwe mbele ya wote. Jeraha la moyo ni la mtu mmoja, lifunikwe. Benedikto hakudhani kwamba moja laweza kufanya kazi ya jingine.

Kuna namna ya tatu ya kutoa siri, ambayo kwa mbali hufanana na maungamo, na watu wa ziwa hili waliionja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulizuka katika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mwendo ulioitwa mchape. Vijana walizunguka vijijini na dawa, watu wakapangwa safu, na vioo vikatumika kuwatambua waliodhaniwa kuwa wachawi. Aliyetambuliwa alitakiwa kutoa hirizi zake na kunywa dawa, na iliaminiwa kwamba akiurudia uchawi dawa hiyo itamwua. Mwendo huo ulivuka mipaka ukafika nchi jirani, na si ajabu, kwa kuwa maji hayana ukuta. Safu kwa safu, siri kwa siri: mtazamaji wa mbali angeweza kudhani ni jambo moja. Lakini mwenye kusimama mbele ya kioo amenyoshewa kidole, na maneno anayotakiwa kuyasema yamekwisha kutungwa na wengine kabla hajafungua kinywa. Akisema, amejiokoa, hakujitaja. Katika kitubio hakuna mshitaki ila mkosaji, wala hakuna ushahidi ila kinywa chake. Hata yule mke, au yule mume, aanzaye kuungama dhambi za mwenziwe, na watu hao si wachache, padre humrudisha kwa upole katika silabi yake mwenyewe.

Sasa swali gumu. Na uchukuliwe mfano wa mvuvi mmoja katika kijiji cha kando ya Nyasa. Mtoto wake alikufa kwa homa. Jirani yake alikuwa mwanamke mjane, mzee, ambaye walikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya kiwanja cha kuanikia usipa, wale samaki wadogo ambao kwingine huitwa dagaa. Siku ya tatu baada ya mazishi, penye pombe, mvuvi huyo alisema kwamba alimwona mwanamke yule usiku nyuma ya nyumba yake. Hakumwona. Alisema kwa uchungu, na ndani ya uchungu ule mlikuwa na kiwanja. Maneno yakafika mbali, kama wasemavyo watu. Wajukuu wa yule mama wakakosa wa kucheza nao, na usipa wake ukakosa mnunuzi. Sheria ya Uchawi iliyotungwa tangu mwaka 1928 hukataza mtu kumtaja mwenziwe kuwa mchawi, lakini sheria hungoja mashahidi, na mashahidi wote walikuwa wameamini. Yule mama akafunga mizigo yake, akapanda milimani kwa kaka yake.

Baada ya miaka miwili, mvuvi amesimama katika safu ya Kwaresima. Anapiga magoti. Anasema, "Nilimsingizia."

Padre afanye nini? Hawezi kumpelekea yule mama habari. Hawezi kumwambia katekista, wala kutia fumbo katika mahubiri. Nje ya maungamo hawezi hata kumkumbusha mvuvi mwenyewe, isipokuwa mvuvi aanze kulizungumza. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimelinda siri hii kwa adhabu ambayo hazikuiweka juu ya mambo mengi: padre aitoaye waziwazi ametengwa na Kanisa papo hapo, na kumfungua ni kazi ya Kiti cha Kitume. Hivyo sasa watu wawili chini ya jua wanajua kwa yakini kwamba yule mama hana hatia, na mmoja wao ataketi mezani na wanakijiji, awasikie wakimtaja yule mama kwa ubaya, naye atabidi ale kimya, au akemee tuhuma za uchawi kwa jumla kama alivyokuwa akizikemea siku zote. Mzee wa sengu akielezwa jambo hili angeuliza: kimya hiki kinamfaa nani?

Swali lake ni la haki, na asiyelisikia uchungu wake hana haja ya kujibu. Jibu laanza hapa: pasipo kimya kile neno lisingalisemwa kabisa. Kweli ya yule mama ilikuwa imezikwa katika kifua kimoja, na kifua hicho kilikuwa na kila sababu ya kutoifukua. Mbele ya sengu mvuvi asingeweza. Mbele ya hakimu asingetaka. Pale alipojua kwamba neno lake halitamgeukia, alilisema mara ya kwanza pasipo kujificha, naye alilisikia kwa masikio yake.

Lakini kusema si mwisho. Kanisa hudai mambo matatu kwa mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Watu wamezoea kuyapima maungamo kwa lile la pili, kwa kuwa ndilo lionekanalo. Uhai wake uko katika la kwanza. Padre aliye mtu wa kazi yake atamwuliza mvuvi swali moja fupi: "Na yule mama?" Ikiwa mvuvi hataki kabisa kumrudishia jina lake, basi hajutii tendo, anajutia usumbufu wa moyo wake. Na mafundisho hayana kigugumizi hapa: palipo majuto ya uongo, maneno ya maondoleo hupita juu ya kichwa kama upepo, hata yakitamkwa yote. Mwizi wa kahawa yampasa arudishe kahawa au thamani yake, na hilo ni rahisi kulielewa. Aweza hata kuirudisha kwa mkono wa mtu mwingine, asijulikane. Mwizi wa jina ana kazi kubwa zaidi, maana jina halina mizani. Salamu Maria tano hazilirudishi. Mvuvi atapaswa kwenda penye pombe pale pale, mbele ya masikio yale yale, aseme na silabi yake: "Nilisema uongo." Hapaswi kueleza kwamba ametoka kuungama. Apaswa kuisema kweli ya mtu mwingine, hata ikimchafua yeye.

Hapo ndipo sengu inaporudi. Njia ya siri haikumpitisha mkosaji nje ya baraza la watu. Ilimzungusha kwa nyuma, ikamfikisha penye baraza kwa miguu yake mwenyewe, akiwa mtu awezaye kusimama. Wala msamaha wa padre haukutolewa kwa niaba ya yule mama. Tendo moja lilizaa madeni mawili. Mungu aliyekosewa husamehe lililo lake kwa kinywa cha mtumishi wake; lililo la mjane laendelea kudaiwa. Siku ambayo mvuvi atapanda milimani, akabisha hodi kwa kaka yake yule mama, mama huyo hatakuwa amefungwa na neno lolote lililosemwa katika Kwaresima. Aweza kumsamehe. Aweza kunyamaza, akaendelea kupepeta maharagwe yake mpaka mgeni aondoke. Wajibu wake wa kusamehe, ambao Kanisa humfundisha yeye pia, ni jambo lake na Mungu wake, na si silaha ambayo mkosaji aruhusiwa kuja nayo mlangoni.

Yapaswa kusemwa kwamba mambo hayaendi hivi kila mara. Padre mmoja ana vigango vingi, safu ni ndefu, jua linashuka, na mvua ya masika iko juu ya mlima. Swali la "na yule mama?" huhitaji dakika kumi ambazo hazipo. Mtu hupewa sala tatu, akazisali upesi akiwa amepiga magoti ubaoni, akatoka na moyo mwepesi, na mzigo wake umebaki mgongoni mwa mwingine. Taratibu mpya za kitubio zilizotolewa mwaka 1973, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, zilitaka watu waone tena kwamba dhambi huwajeruhi wenzao na kwamba upatanisho ni wa jumuiya pia. Zimesaidia. Lakini hakuna utaratibu uwezao kuuliza swali mahali pa mtu.

Ziko pia dhambi ambazo zimepoteza mwenye kusema *ni*. Huko Songea, mwendo wa kilometa zipatazo 100 kutoka Mbinga, tarehe 27 Februari mwaka 1906, serikali ya Wadachi iliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 wa vita vya Majimaji. Wengi wao walibatizwa kabla ya kamba na Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera, ambaye askofu wake, Cassian Spiss, alikuwa ameuawa katika vita hivyo hivyo mwezi wa Agosti mwaka 1905. Kwa mafundisho ya Kanisa, ubatizo huondoa dhambi zote pasipo maungamo. Watu wale hawakudaiwa kuhesabu lolote. Waliodaiwa kuhesabu walikuwa ni Wakristo wa upande wa pili, waliobatizwa tangu utoto, waliofunga kamba na waliochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikawamaliza watu ambao risasi haikuwafikia. Kama yuko aliyepiga magoti kwa ajili ya hayo, sikio lililomsikia lilikwenda kaburini na neno lake.

Tarehe 1 Novemba mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wa nchi ile, mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa mwaka ule wa 1906. Mtu huyu alizaliwa miaka 50 baada ya tendo. Hakuweza kusema "nimeua," na kama angalisema ingalikuwa maigizo. Hatia hairithiwi, hakuna padre aondoleaye dhambi za babu ya mtu. Papa Yohane Paulo wa Pili alilikuta tatizo hilo hilo tarehe 12 Machi mwaka 2000, alipomwomba Mungu msamaha kwa makosa ya wana wa Kanisa wa karne zilizopita. Lakini deni hurithiwa, kama vile shamba lililopatikana kwa kusogeza mpaka hubaki na mita zake za wizi hata mjukuu alilime kwa unyofu. Ukoo wa Mbano haukuomba machozi tu. Uliuliza kichwa cha mzee wao kiko wapi, kwa kuwa wanaamini kilichukuliwa Ujerumani; na mgeni aliahidi kwamba kitatafutwa. Swali la ukoo huo na swali la padre kwa mvuvi ni swali moja.

Jioni, safu ya kigangoni ikiisha, padre huvua stola na kuikunja. Amesikia tangu asubuhi, na hana ruhusa ya kukumbuka kwa sauti. Lakini yeye naye ana jina la mtu alilolitia doa, au neno kali alilomwambia mpishi wa misheni mbele ya wageni, au fedha aliyokawia kuitolea hesabu. Kwa haya yote hawezi kujiondolea dhambi. Uwezo alioutumia siku nzima kwa wengine haufanyi kazi juu ya nafsi yake, wala Papa mwenyewe hana uwezo wa kujifanyia hivyo. Padre wa ufukoni aliye peke yake itampasa kupanda pikipiki, na kupanda mlima wote ule toka ziwani, mpaka penye padre mwenziwe. Apige magoti, aanze na silabi ile ile. Na mwenziwe, kama ni mtu wa kazi yake, atamsikiliza mpaka mwisho, kisha atamwuliza habari za mpishi.